Nyumba Aliyowekwa, Hati Asiyopewa: Mhadhara juu ya Wanawake wa Ireland, Sheria ya Ndoa na Dola



Nimetakiwa kusema juu ya wanawake wa Ireland, na jinsi dola yao changa, baada ya kujitoa katika mikono ya Waingereza mwaka 1922, ilivyotunga na kuhukumu sheria za ndoa, za watoto, za mirathi na za maskani. Na kwa kuwa jambo lenyewe ni pana, na saa niliyopewa ni moja, nimeazimia kushika uzi mmoja tu na kuufuata mpaka unakokatika, nao ni uzi wa nyumba: nani aliyeambiwa akae humo, nani aliyesifiwa kwa kukaa humo, na nani aliyekuwa na hati yake mfukoni.

Jumatatu ya Pasaka, tarehe 24 Aprili 1916, Patrick Pearse alisimama mbele ya jengo kuu la posta mjini Dublin akasoma tangazo la jamhuri ambayo ilikuwa haijazaliwa bado, na katika tangazo hilo wanaume na wanawake wa nchi ile waliitwa pamoja, wakaahidiwa haki sawa na nafasi sawa, na serikali itakayochaguliwa kwa kura za wote. Haikuwa takrima ya bure, kwani wanawake walikuwamo katika vita dhidi ya Waingereza vilivyoanza siku ile: walipeleka barua risasi zikilia, waliuguza majeruhi, na mmoja wao, Constance Markievicz, alishika silaha, akahukumiwa kufa, kisha akaepushwa na kifo kwa sababu moja tu, kwamba yeye ni mwanamke. Mwaka 1918, naye yumo gerezani, bibi huyu alichaguliwa kuwa mwanamke wa kwanza kupata kiti katika Bunge la Uingereza, kiti ambacho hakukikalia, kwa kuwa chama chake hakikukubali kuketi katika bunge la kigeni. Na mwaka uliofuata Bunge la Waairishi wenyewe, waliitalo Dáil, lilimpa uwaziri wa kazi. Naomba muihifadhi tarehe hiyo, 1919, maana mwanamke wa pili kuketi katika baraza la mawaziri la nchi ile, Máire Geoghegan-Quinn, aliingia mwaka 1979.

Katiba ya kwanza, ile ya 1922, ilitimiza sehemu ya ahadi. Kila raia aliyetimia umri wa miaka 21, mume kwa mke, alipewa kura, wakati ambapo dada zao wa Uingereza walingoja mpaka 1928 ndipo wakapata kura kwa umri uleule wa wanaume. Lakini wino wa katiba haujakauka, dola ikaanza kufunga milango, mmoja baada ya mwingine, na jambo la kustaajabisha ni kwamba haikuifunga kwa kishindo wala kwa matusi, bali kwa upole, kama mtu amwambiaye mgeni kwamba mvua inakuja, heri arudi kwake mapema. Sheria ya 1924 ilimruhusu mwanamke aombe kusamehewa kazi ya kukaa katika jopo la raia 12 wanaosikiliza ushahidi mahakamani na kuamua kama mshitakiwa ana hatia au hana. Sheria ya 1927, iliyoletwa na Waziri wa Sheria, Kevin O'Higgins, ikaligeuza jambo hilo, wanawake wote wakahesabiwa kuwa wamesamehewa isipokuwa yule atakayejitokeza mwenyewe akaomba kuandikwa. Wanawake waliopigana kwa ajili ya uhuru walipinga kwa nguvu, na mswada mwingine wa 1925, uliotaka kuwazuia wanawake wasifanye baadhi ya mitihani ya utumishi wa serikali, ulikwamishwa katika baraza la juu, ambamo Seneta Jennie Wyse Power aliwakumbusha wenzake kwamba waliokuwa wakitengwa sasa ndio walewale waliotumwa kila siku za hatari. Ushindi huo ulikuwa mdogo, kwa sababu mlango wa nyuma ulikuwa umekwisha kufungwa: kwa kanuni za 1924 mwanamke mtumishi wa serikali aliacha kazi siku aliyoolewa, na katika miaka ya 1930 kanuni hiyo ikawafikia walimu wa kike wa shule za msingi. Walimu walifunguliwa mwaka 1958, na watumishi wa serikali mwaka 1973.

Ikafika zamu ya talaka. Chini ya utawala wa Waingereza, mtu wa Ireland aliyetaka kuvunja ndoa yake kabisa ilimpasa apeleke mswada wake binafsi katika Bunge la London, jambo ambalo lilihitaji mali nyingi na uso mkavu. Na dola mpya iliporithi bunge, ilirithi pia swali la kama njia hiyo ibaki wazi. Dáil ikaamua mwaka 1925 kwamba isibaki. Mshairi W. B. Yeats, ambaye alikuwa seneta wakati huo, alisimama tarehe 11 Juni akatoa hotuba kali, akiwatetea Waprotestanti wachache na kuonya kwamba sheria ya namna hiyo itaizidisha tofauti kati ya kusini na kaskazini. Hotuba ile imesifiwa sana na wapenda fasaha, nami siipunguzii sifa zake. Ila mtu akiisoma akiwa na swali letu mkononi ataona kwamba ilikuwa hasa hoja ya dhehebu na dhehebu, na mke aliyeachwa na watoto watano katika nyumba isiyo yake haonekani sana ndani yake.

Nimesema nyumba isiyo yake, na hapa sina budi kueleza asili ya mambo. Sheria ya Kiingereza, ambayo Ireland iliirithi pamoja na reli na mahakama, kwa karne nyingi ilimhesabu mke kuwa amemezwa na mumewe: mali aliyokuja nayo iliingia mikononi mwa mume, naye hakuweza kufunga mkataba kwa jina lake. Sheria ya 1882 ilimrudishia mke mali yake mwenyewe. Kwa msikilizaji wa pwani yetu jambo hili lina ugeni wake, kwani katika sheria ya Kiislamu mali ya mke haikupata kuwa ya mume, na katika mji wa Lamu matajiri wa zamani waliwajengea mabinti zao nyumba za mawe, hata bwana harusi akahamia kwa mkewe. Sisemi hivi ili tujisifu, maana nasi tuna yetu ya kuficha. Nasema ili tuone kwamba umaskini wa mke wa Ireland haukuwa umeandikwa na maumbile. Sheria ya 1882 ilimwachia mali aliyoichuma, lakini haikumpa chochote katika ile aliyoichuma mume. Na mwanamke aliyekatazwa kuchuma baada ya ndoa, kwa kanuni zile nilizozitaja, angechuma nini?

Sasa tumefika 1937, na hapa naomba ruhusa nikae kidogo. Éamon de Valera, mkuu wa serikali wakati huo, aliandika katiba mpya, akisaidiwa na wanasheria wake na kupelekewa mashauri na mapadri, akiwamo John Charles McQuaid, ambaye baadaye alikuwa Askofu Mkuu wa Dublin. Ibara ya 41 ilisema juu ya familia, ikaitaja kuwa asili na msingi wa jamii, yenye haki zilizotangulia sheria zote za wanadamu. Ikaamuru kwamba isitungwe sheria yoyote ya kuvunja ndoa. Na katika kifungu chake cha pili ikakiri kwamba mwanamke, kwa maisha yake nyumbani, huipa dola msaada ambao bila huo manufaa ya wote hayawezi kupatikana, na kwa sababu hiyo dola itajitahidi kuhakikisha kwamba akina mama hawalazimiki, kwa dhiki ya maisha, kufanya kazi za nje hata wakaacha wajibu wao wa nyumbani. Litazameni neno lile, *itajitahidi*. Nitalirudia kabla hatujaagana.

Wako waliosema, na wako wasemao mpaka leo, kwamba maneno hayo ni heshima kubwa, na kwamba hakuna katiba nyingine iliyomtukuza mama namna ile. Wanawake wenyewe wa wakati ule hawakudanganyika upesi. Hanna Sheehy Skeffington, ambaye mumewe alipigwa risasi na askari wa Kiingereza mwaka 1916 bila ya kushitakiwa, na Louie Bennett wa chama cha wafanya kazi wa kike, na Profesa Mary Hayden wa historia, na wahitimu wa kike wa vyuo vikuu, waliandika, walikutana, walimwendea de Valera wakamwonesha hatari. Mwaka mmoja kabla, sheria ya kazi za viwanda ilikuwa imempa waziri uwezo wa kuwazuia wanawake katika viwanda fulani, kwa hiyo walijua vema neno *nyumbani* laweza kugeuzwa kuwa kufuli. Hawakutoka mikono mitupu: maneno ya kwamba uraia na kura havibagui mume na mke, ambayo yalikuwa yamedondoka katika rasimu, yalirudishwa, na maneno yaliyotaja upungufu wa nguvu za wanawake yakafutwa. Kifungu cha nyumbani kilibaki. Tarehe 1 Julai 1937 katiba ikapita kwa zaidi ya kura 56 katika kila mia.

Basi natuulize kama waulizavyo wadai: ahadi ni deni, je, deni hili lililipwaje? Mwaka 1944 dola ilianza kutoa posho ya watoto, nusu krauni kwa wiki kwa mtoto wa tatu na kila amfuatiaye, na mtu angalidhani kwamba hapa ndipo mama wa nyumbani atakapouona mkono wa dola iliyomsifu. Lakini fedha hiyo iliandikwa kwa jina la baba, ikabaki kwa jina la baba mpaka 1974. Mpaka 1964 ndipo sheria ilipoandika bayana kwamba mama ni mlezi wa wanawe sawasawa na baba. Na mpaka sheria ya mirathi ya 1965 ilipoanza kutumika, mkulima aliweza kufa akiwa ameandika wasia wa kumpa ndugu yake au parokia shamba lote na nyumba iliyomo, mjane aliyekamua ng'ombe humo kwa miaka 40 asiachiwe hata kiti cha kukalia. Sheria hiyo ya 1965, ambayo mswada wake wa kwanza uliletwa na Charles Haughey na kupigiwa kelele na wenye mashamba, ilimhifadhia mjane theluthi moja ya mali ikiwa kuna watoto, na nusu ikiwa hakuna, liwe liwalo katika wasia. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sheria iliyowafaa wanawake wengi zaidi kuliko yoyote nyingine ya nusu karne ile, ingawa haikuwa na mbiu wala sherehe. Ila tambueni kwamba ilimpa mke nyumba baada ya kumzika mume.

Na hao ni wake wa ndoa. Ibara ya 41 ililinda familia iliyojengwa juu ya ndoa peke yake, na msichana aliyepata mimba nje ya ndoa hakuwa na nyumba ya kusifiwa. Sheria ya 1930 ilimruhusu amdai baba wa mtoto masurufu, lakini ilitaka ushahidi wa kuunga mkono maneno yake, na wachache waliweza kuupata. Wengi walipelekwa katika majumba ya akina mama na watoto wachanga, yaliyoendeshwa aghalabu na masista na kulipiwa na serikali za wilaya, na tume ya uchunguzi iliyotoa ripoti yake Januari 2021 ilieleza kwamba watoto wapatao 9,000 walikufa katika majumba 18 iliyoyachunguza, ya tangu 1922 mpaka 1998. Nalipita jambo hili kwa haraka kwa kuwa lina mhadhara wake, na kwa kuwa si adabu kulisema nusunusu.

Katika miaka ya 1970 sauti zilipanda. Tume iliyoongozwa na Thekla Beere ilitoa ripoti yake mwaka 1972 juu ya hali ya wanawake. Mwaka uliofuata Ireland iliingia katika Jumuiya ya Ulaya, na sheria za usawa wa mshahara zikaja na uanachama huo. Máirín de Búrca na Mary Anderson, walioshitakiwa baada ya maandamano mbele ya Bunge, walikataa kuhukumiwa na jopo la wanaume watupu, na Disemba 1975 Mahakama Kuu Kabisa ikaibatilisha sheria ile ya 1927; ilidhihirika katika kesi hiyo kwamba kwa muda wa miaka kumi, 1963 hadi 1973, wanawake tisa tu katika nchi nzima walikuwa wameomba kuandikwa, na watatu tu ndio waliokaa joponi.

Lakini sheria ya ndoa ilikuwa bado na vichochoro vya ajabu, na viwili nitavitaja kwa kuwa vinaonesha kuliko hotuba. Mume aliweza kumdai fedha mwanamume aliyezini na mkewe, jopo likapima hasara kama lipimavyo gari lililogongwa, na mke asiwe na sauti katika daawa hiyo. Uingereza iliifuta desturi hiyo 1857, Ireland ikaifuta 1981. Tena makazi ya kisheria ya mke yalifuata ya mume popote aendapo, mpaka 1986, kwa hiyo mwanamume aliyehamia Uingereza moja kwa moja alimhamisha na mkewe aliyebaki Galway, pasipo yeye kuinua mguu; na kwa njia hiyo, katika nchi ambayo katiba yake ilikataza talaka, mwanamke aliweza kuamka asubuhi akakuta ametalikiwa na mahakama ya London, na talaka hiyo ikakubaliwa Dublin.

Na yule aliyetaka kutengana kwa hukumu, bila ya kuvunja ndoa? Johanna Airey wa Cork, aliyekuwa muuzaji dukani, mama wa watoto wanne, alitafuta hukumu hiyo kwa miaka mingi asimpate wakili wa kumsimamia, kwa kuwa gharama ilikuwa ya mamia ya pauni na serikali haikumsaidia mtu yeyote katika daawa za madai. Serikali ilijibu kwamba mlango wa mahakama uko wazi, na angeweza kwenda kujisemea mwenyewe. Mary Robinson alimtetea huko Strasbourg, na tarehe 9 Oktoba 1979 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kwamba haki haitakiwi kuwa ya jina tu, bali itumike kwa kweli. Ikaonesha kwamba katika madai 255 ya kutengana yaliyofunguliwa Ireland tangu Januari 1972 mpaka Disemba 1978, hakuna hata moja ambalo mdai wake hakuwa na wakili. Mwaka 1980 serikali ikaanzisha msaada wa kisheria.

Ilipoletwa kura ya kuondoa kizuizi cha talaka mwaka 1986, wananchi walikataa kwa zaidi ya 63 katika mia, na wanawake walikuwa wengi miongoni mwa waliokataa. Wageni waliandika kwamba ni nguvu ya kanisa, nami sikatai kwamba ilikuwapo. Ila mwenye kusikiliza vizuri mazungumzo ya mashambani alisikia jambo jingine. Alice Glenn, mbunge wa Dublin, alimfananisha mwanamke atakayeikubali talaka na bata mzinga anayeipigia kura Krismasi, na mfano huo uliingia kwa kuwa kila mke alijua hati ya shamba ina jina la nani, akajua kwamba mke wa pili atakuja na watoto wake, na theluthi ile ya mjane ikaenda kwa mwingine. Alikuwa anapiga hesabu, na hesabu yake ilikuwa sahihi.

Sasa naja kwenye mambo mawili ambayo, kama mtayasahau yote niliyoyasema, haya msiyasahau. Mke mmoja alifika mahakamani akisema hivi: mimi sikuchangia fedha katika ununuzi wa nyumba, kwa kuwa nilikaa nyumbani nikalea, na katiba inasema kazi hiyo ni msaada mkubwa kwa dola, basi nipeni haki katika nyumba. Jaji Barr wa Mahakama Kuu, mwaka 1988, alimkubalia, akampa nusu. Mwaka 1991 Mahakama Kuu Kabisa ikaitangua hukumu: majaji hawakuidharau kazi ya mama, bali walisema kwamba kuitengeneza haki mpya ya mali kutokana na ibara ile ni kutunga sheria, na kutunga sheria ni kazi ya Bunge. Vema, Bunge likasikia. Mwaka 1993 lilipitisha mswada wa kuifanya nyumba ya ndoa iwe mali ya mume na mke nusu kwa nusu, za zamani kwa mpya. Mary Robinson, ambaye sasa alikuwa Rais, aliupeleka mswada huo mahakamani upimwe kabla ya kuutia sahihi, na Januari 1994 Mahakama Kuu Kabisa ikaubatilisha. Kwa sababu gani? Kwa sababu dola inaingilia mapatano waliyofanya mume na mke wenyewe, na familia ina mamlaka yake juu ya mambo yake, mamlaka yaliyolindwa na katiba, katika ibara ya 41. Mkono uleule uliomwandikia sifa ndio uliomzuilia hati.

Talaka ilipita tarehe 24 Novemba 1995 kwa ziada ya kura 9,114 katika kura zaidi ya milioni moja na laki sita, baada ya Bunge kutumia miaka tisa kuweka kwanza sheria za kugawanya mali na kulinda pensheni. Na hilo nadhani ndilo lililogeuza hesabu ya wanawake wengi kuliko mahubiri ya upande wowote.

Kifungu cha 1937 kilibaki mahali pake. Serikali ilileta kura ya kukiondoa tarehe 8 Machi 2024, siku ya wanawake duniani, na badala yake ikapendekeza maneno mapya yasiyomtaja mama wala nyumba, yanayokiri kazi ya watu wa familia moja kutunzana. Watu 74 katika kila mia walisema hapana. Wako waliokataa kwa kuipenda katiba ya zamani, na wako waliokataa kwa kuikasirikia serikali. Lakini miongoni mwa waliosema kwa sauti kubwa walikuwamo wazazi wa watoto wenye ulemavu na watu wenye ulemavu wenyewe, waliosoma maneno yale mapya neno kwa neno, wakatafuta mahali ambapo dola inajifunga kuwasaidia, wakaona kwamba imeahidi kuusaidia utunzaji huo kwa kadiri ya juhudi yake tu. Kiingereza cha 1937 na Kiingereza cha 2024 vina maneno mawili tofauti mahali hapo, na wanasheria walijadili kwa wiki kadhaa lipi kati ya hayo ni zito zaidi. Kwa Kiswahili chetu yote mawili ni *itajitahidi*.